Maharage kwenye Kikapu cha Zawadi

Jumamosi iliyopita, kwenye duka la vyakula vya kwetu la Barabara ya Morse, huku ughaibuni, mwenye duka alikuwa akipanga vikapu vya zawadi za msimu wa baridi. Ni mama wa Kirundi aliyekulia kambini Tanzania. Binti yake alikuwa amemwelekeza: mafuta ya ngozi, sabuni ya kunukia, soksi nene, majani ya chai. Mama aliweka vyote, kisha akaongeza mfuko wa maharage na pakiti ya chumvi.

"Mama, hivi ni vya mtu kujipumzisha," binti akasema kwa Kiingereza, akiyatoa maharage.

Mama akayarudisha. "Atapumzikaje na njaa?"

Mteja mmoja, dada wa Kikongo aliyetoka kazini ghalani, akainua kikapu na kukipima mkononi.

"Donc, mama, hii ni posho ya kambi kabisa," akacheka, akichanganya na Kifaransa chake. "Soksi tu ndiyo haikukuwaka kule kambini. Bon, unipatie mbili."

Binti akachukua utepe mwekundu, akavifunga vyote viwili, maharage yakiwa ndani.

Nami nikanunua kimoja. Utoto wangu wote nilipanga foleni ya maharage na chumvi kambini, na hakuna aliyewahi kunifungia utepe.