Waya wa Sakania

Nilizaliwa katika nyumba ambayo hodi haikuitikiwa mpaka aliyebisha ajitaje mara mbili. Baba alikuwa hivyo, mama alikuwa hivyo, na mimi niliwazidi wote wawili. Kwa hiyo serikali ya Wabeleji ilipotangaza kwa kipaza sauti cha cité, mtaa wetu sisi weusi, kwamba imepatana na serikali ya Waingereza, na kwamba sasa mtu wa Élisabethville ataweza kuzungumza kwa simu na mtu wa Ndola, sisi hatukupiga makofi.

Baba alikuwa kibarua wa reli, akitengeneza njia ya kwenda Sakania, na huo mpatano aliuona kwa macho yake. Nguzo za upande wetu zilifika mpakani, za Waingereza zikafika upande wa pili, na katikati wazungu wakaweka meza wakanywa chai. Kila serikali ilileta fundi wake wa kukagua kazi ya fundi wa mwenzake. Hawa wakikaza waya, wale wanakuja kuuvuta waone kama umekaza kweli.

"Benyewe habaaminiane," baba alituambia jioni moja akinawa miguu. "Sasa banaunga waya ya nini? Bazungu ba huku na ba kule banapatanaka mu kintu kimoja tu, kurudishiana bantu bale banakimbiaka kodi."

Mama aliinua macho akanitazama, kisha akayarudisha kwenye sufuria. Kaka yangu mkubwa alikuwa mmoja wa hao. Alivuka pale Sakania bila karatasi ya ruhusa, kodi ya huku hajalipa, akapata kazi katika mgodi wa Waingereza. Salamu zake zilitufikia kwa mdomo wa watu wa treni, na kila mara zilikuwa zile zile: mzima, anakula, msinitafute. Kisha mvua za mwaka ule zikaanza na salamu zikakatika.

Mvua hazijaisha, mjumbe wa posta akaja na baiskeli. Alisema kesho asubuhi mtu mmoja wa jamaa aende posta ya mjini, kuna simu kutoka Ndola. Alilitaja jina la kaka yangu lote, la nyumbani na la ubatizo, mbele ya majirani.

"Njo mutego," baba akasema mjumbe alipoondoka, yaani huo ndio mtego wenyewe. "Ukienda, ukisema ndiyo, njo wetu, bamejua iko wapi. Batamuleta na pingu."

Mama hakubishana naye. Aliuliza swali moja tu. "Salamu alikuwa anatuma na bantu ba treni. Leo telefone ya nini?"

Baba hakutaka kwenda kwa sababu ya mtego, mama hakutaka kwa sababu aliogopa kusikia. Nikatumwa mimi. Nilikuwa nimeolewa karibuni, katika vitabu vya cité nimeandikwa kwa mume wangu, na baba aliona kwamba kwa njia hiyo haitakuwa rahisi kuninasa.

Nilivaa kikwembe changu cha misa. Karani wa posta, kijana mweusi mwenye tai, alinionyesha upande upi wa simu ni wa sikio na upi ni wa mdomo. Nilikishika kile kitu mbali kidogo na uso, sikutaka kinisikie nikipumua. Sauti ya mwanamume nisiyemjua ikaniuliza, "Weye njo dada yake?"

"Dada ya nani?" nikamjibu. Akalitaja jina. Nikamwambia bantu ba ile jina beko bengi. "Weye njo nani?"

"Miye niko rafiki yake ya kazi. Iko mugonjwa kidogo. Mukuye. Mukuye na mukubwa ya jamaa."

"Aseme mwenyewe."

"Hawezi kukuya ku telefone."

Hapo mtu wa tatu akaingia katikati, karibu sana, kana kwamba amesimama nyuma ya shingo yangu. "Hapa Sakania. Munamaliza?" Kumbe mwunganishaji wa simu wa mpakani alikuwamo muda wote, anatusikiliza. Nikakirudisha kile kitu mahali pake bila kuaga.

Nilirudi polepole. Kwetu mtu haletewi kifo kikiwa uchi. Anaambiwa ndugu yako ni mgonjwa kidogo, njoo, na usije peke yako. Anasafiri na ile kidogo yake, na akifika anakuta watu wamekaa chini. Mtu mgonjwa kweli hasemwi hivyo. Atasemwa ana homa, ana mguu, ana kifua. Nikajiuliza, mpelelezi wa serikali angejuaje kusema namna yetu? Nikajijibu kwamba wapelelezi nao ni watoto wa watu, wamelelewa kama sisi. Njia nzima nilijibishana hivyo, na kila mara nilimpa ushindi mpelelezi.

Nyumbani niliyasema yale maneno kama nilivyoyasikia. Mama aliacha kuchagua maharagwe. Baba akacheka.

"Munaona? Banajua mpaka namna yetu ya kusema."

Alifurahi, naapa alifurahi. Nami nikamuunga mkono, nikasema ile sauti ilikuwa safi mno kwa mtu wa mgodi. Miaka mingi ilipita ndipo nilielewa tulichokuwa tunafanya. Ndani ya mtego, kaka yangu alikuwa mzima. Serikali mbili hazihangaiki kumtafuta mtu aliyekufa, kwa hiyo tuliushika ule mtego kwa mikono miwili.

"Basi, enda ukauone huo mutego," mama akamwambia.

Akaenda. Alipanda gari la mafundi wa reli mpaka Sakania, jembe begani kama siku zote, na kutoka pale akavuka kwa njia ile ile aliyopita mwanawe. Tukangoja. Mama hakulia, hakusuka nywele, na kila siku alipika chakula cha watu wote, hata wasiokuwapo.

Yule wa baiskeli akarudi. Safari hii simu ilitoka posta ya Sakania. Mama alinifuata mpaka mjini lakini alikataa kuingia, akasimama ng'ambo ya barabara. Nami nikaisikia sauti ya baba, aliyeapa kwamba hatatia mdomo wake katika waya ule.

"Iko mugonjwa kidogo," akasema.

Nikangoja acheke. "Kidogo ya kweli, baba? Ao kidogo ya..."

"Uite bashangazi bako, bakae na mama yako. Miye niko nakuya."

Yule wa Sakania, safari hii, hakuuliza kama tumemaliza.

Nilipotoka mama alinitazama usoni. Alifungua kitambaa cha kichwa, akakaa pembeni mwa barabara, wazungu wanapita. Baba alirudi na koti la kaka yangu. Mgodi ulikuwa umemfukia, na yule rafiki, mtu wa kwetu, mzaliwa wa upande wa Kambove, alikuwa amekwisha kumzika ndipo akatupigia simu.

Kilio hakijaisha, askari wa bwana mkubwa wa mji akaja na karatasi. Anamtaka kaka yangu kwa ajili ya kodi, na serikali inajua yuko Ndola. Nani aliiambia, sijui mpaka leo, na mpaka leo sizungumzi neno la maana katika simu. Wanawake walikuwa nyuma ya nyumba, wamechoka, wamenyamaza. Mlangoni tulikuwa baba na mimi. Nilidhani atamfukuza.

"Iko mugonjwa kidogo," baba akamwambia.

Askari alimtazama baba. Kisha akavua kofia, akaikunja ile karatasi akaitia ndani yake.

"Mukubwa ya jamaa iko wapi?" akauliza taratibu.

"Njo miye."

Akaingia, akapita nyuma ya nyumba, akakaa chini pamoja na waliofiwa. Nilimpelekea maji. Aliyapokea kwa mikono miwili, na mimi niliendelea kuitazama ile karatasi ndani ya kofia.