Vidonge vya Mbalamwezi

Yuster wa Kagoma alikuwa mwanamke wa mpangilio, na mpangilio ndio uliomponza. Migomba yake ilitandazwa nyasi kabla ya ya jirani yeyote. Hata mume alimpata kwa ratiba. Masalu alivua dagaa kwa taa kwenye visiwa vya Muleba, na mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaijali taa, basi wavuvi hupumzika. Alikuja nyumbani na mbalamwezi, akarudi ziwani na giza.

Katika uzazi wa tatu, kizazi cha Yuster kilipasuka. Daktari mjini Bukoba alikishona, akamwambia, kwa sauti ya mtu anayetangaza saa ya basi, kwamba mimba nyingine itamuua. Shauri la kufunga kizazi Masalu alilikataa: mke si dumu la kuwekewa kifuniko. Vikabaki vidonge vya majira. Padri hakuulizwa, kwa hiyo hakukataza.

"Kimoja kila siku, dada," alisema nesi Felicitas wa zahanati, foleni ikisukumana mlangoni. "Umeelewa?"

"Ndiyo, waitu," Yuster alijibu kwa heshima ya Kihaya.

Alikuwa ameelewa. Alipofika nyumbani ndipo alipoanza kuboresha.

"Leo humezi?" aliuliza jirani yake, Ephrasia, walipokuwa wakipalilia.

"Masalu yuko ziwani. Nimeze kwa ajili ya nani, mgomba?"

Ephrasia alicheka mpaka akaegemea jembe. "Wewe ungesoma, tungekuita waziri."

"Cheka tu. Zahanati vikiisha, mtakuja kuniomba mimi."

Mbinu ilishika kwa miezi kadhaa, muda wa kutosha kumpa kiburi. Kisha hedhi ikakoma.

"Uliacha vidonge?" Felicitas aliuliza.

"Sijaacha hata mara moja. Kila Masalu akija, nameza."

Nesi alitafuta kiti. "Mawe! Mama yangu! Yuster, dawa hii haimsubiri mume. Nilikwambia kila siku."

"Siku nyingine sikuwa na mume."

Hoja ilinyooka vizuri, ila haikuwa kweli. Felicitas alimwandikia rufaa, akamsihi ahamie kwa shangazi yake kule Buhembe, awe karibu na hospitali.

"Nitaenda," Yuster alisema. "Kahawa ikishakauka."

Masalu aliposikia habari ya mimba alifurahi, akaleta kitenge. Habari ya kizazi alisema madaktari hupenda kutisha watu. Yuster alikikunja kitenge, akaendelea kugeuza kahawa juani, mwezi hadi mwezi, akitaka imalizike yote.

Maumivu yalimkuta palepale kwenye mkeka, reki mkononi. Wanaume wa jirani walimpakia kwenye gari lililokuwa limepakia ndizi. Gari lilifika Bukoba. Yuster hakufika.

Masalu alipigiwa simu kisiwani, akaja na mtumbwi wa kwanza. Tangu aoe, hakuwahi kuja nyumbani wakati wa giza. Gizani hakuitambua njia ya kutoka barabarani, akawauliza watoto. Walimzika shambani, kwenye nyasi alizozitandaza mwenyewe.

Baada ya matanga, akipanga vyombo, Masalu aliona bakuli chini ya kitanda. Pakiti za vidonge zilijaa, nyingi hazijaguswa. Akamwonyesha Ephrasia.

"Alikuwa navyo vingi hivi. Sasa alikuwa anangoja nini?"

Ephrasia alivitazama, akamrudishia bakuli.

"Alikuwa anakungoja wewe, shemeji."