Tonge la Wali Siku ya Riba

Siku ya mkutano wa Benki Kuu, yule muuzaji wa hatifungani wa meza ya dirishani huvua saa na kuilaza kando ya tonge la wali alilofungiwa na mkewe. Huwa hali chochote mpaka taarifa ya riba itoke. Sauti yake ni ya chini siku zote, na ukimwuliza neno hukuna sikio kwanza. Hatsune, anayekaa naye bega kwa bega mwaka wa tatu sasa, ameshamzoea. Tokyo nzima hutazama saa siku hiyo: taarifa ikichelewa kupita saa sita mchana, watu husema wakubwa wanabishana, kwa hiyo riba inapanda, na hatifungani huuzwa mbiombio kabla bei zake hazijaanguka.

Leo ilifika sita na nusu, kimya. Meza nyingine zote zikauza.

"Mkuu, tumebaki peke yetu," Hatsune akasema.

Akakuna sikio. "Labda wanakula. Wazee wale wanatafuna taratibu."

"Na kama hawali?"

"Basi kesho utapata jirani mwingine."

Sita na dakika arobaini taarifa ikatoka: riba haikuguswa. Bei zikaruka, waliouza wakagombania kununua tena. Wenzake wakaja kumpongeza, wakisema mtu huyu hatingishiki. Akawainamia kwa shukrani, mkono wa kushoto ukiwa bado chini ya meza. Walipoondoka akautoa, akaufungua polepole mbele ya Hatsune. Tonge lilikuwa limepondeka likawa kama uji, limejaa katikati ya vidole.

"Usimwambie mke wangu," akasema, akaanza kulamba vidole.