Pikapu ya Buluu Kabla ya Rodi Kopany

Wengine watakuambia mambo yao yaliwapata usiku wa manane wakitoka kwenye pombe. Langu lilinipata saa nane mchana, jua likichoma, na mimi ni Msabato, ladha ya pombe siijui. Tena si mtu wa kuamini upuuzi. Nilikaa Bulgaria miaka minne, nikavumilia theluji yao, nikarudi na diploma ya mitambo ambayo hadi leo imetundikwa sebuleni kwangu Migori. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Kwa hiyo nikisema niliona, amini niliona.

Katikati ya miaka ya tisini nilinunua gari la otomatiki, wakati watu wengi mjini hawajalijua. Gari kama hilo likizimika huwezi kulisukuma likawaka. Basi nikaenda dukani kutafuta nyaya za jampa, zile mbili, nyekundu na nyeusi, za kuazima moto kutoka kwa betri ya gari lingine. Mwenye duka alinitolea aina mbili.

"Injinia, chukua hizi za mita nne. Ni ndefu, ni rahisi, na rangi yake angalia!"

Nikatoa kisu cha mfukoni nikakwangua ncha. Shaba ilikuwa rangi tu. Chini yake aluminiamu, nyuzi chache kama nywele za mzee. Zile nyingine zilikuwa nene kama kidole gumba, shaba tupu, vibanio vyake vinauma kwelikweli, lakini mita mbili hazifiki. Nikamweleza kwamba waya ukiwa mrefu na mwembamba, moto unaishia njiani.

"Sawa, lakini hizo fupi zitakufanya ubusu gari la mtu," akacheka.

"Nitabusu," nikasema. Laiti ningejua nitabusu nini!

Wiki hiyo hiyo mke wangu, Akinyi, alishikwa na uchungu. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni, na daktari alikuwa ametuambia mapema kwamba ajifungue kwa kupasuliwa, Homa Bay. Nikampakia kiti cha nyuma pamoja na mama yake. Sasa unajua heshima yetu Wajaluo kwa mama mkwe: hatuangaliani usoni, hatugusani. Tangu Migori alikuwa amejifunika leso, na maneno yake kwangu yalipitia kwa bintiye.

Tulipita Rongo. Kabla ya Rodi Kopany, Akinyi akaniomba nisimame atapike. Nikazima injini, ila kaseti nikaiacha iimbe kwa sauti, maana ile redio nilikuwa najivunia. Alipomaliza nikawasha. Tik. Nikajaribu tena. Tik. Betri imekwisha.

Karibu saa nzima hakuna gari. Nyaya zangu nzuri nilikuwa nazo mkononi, za kufunga wapi? Akinyi alikuwa ameacha hata kulia. Alikuwa anauma kona ya kiti.

"Muulize mumeo," mama mkwe akasema ndani ya leso, "hiyo diploma haiwezi kuwasha gari?"

Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Ndipo pikapu ya buluu ikaja kutoka upande wa Homa Bay. Niliiona, lakini sikuisikia. Dereva, mtu mnene wa ovaroli ya kahawia, hakuuliza shida. Nilimwonyesha nyaya, akasogea mpaka bampa zikagusana, kwa sababu kwa urefu ule hapakuwa na namna nyingine. Akafungua boneti yake.

Rafiki, hapakuwa na injini mle. Nyasi zilikuwa zimeota tele, na mahali pa betri palikuwa na kichuguu kikavu cha mchwa, ncha mbili za madini ya risasi, kama za betri, zimechomoza juu yake. Ningenunua zile za mita nne, ningemrushia abane upande wake mwenyewe nisione kitu.

"Haiwezi," nikasema. "Hapa hapana moto."

"Bana tu, mkwe wangu. Mtoto anangoja."

Mkwe wake? Mtu huyo sikuwahi kumwona! Lakini Akinyi akapiga ukelele mmoja, nami nikabana, kibanio cha mwisho kwenye chuma cha injini yangu kama nilivyofundishwa. Nikazungusha ufunguo. Gari likanguruma mara moja.

Nikatoa pochi. "Ni ngapi, mzee?"

Alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Pesa yako nitaitumia wapi? Mnikumbuke tu."

Niliinama kukunja nyaya. Nilipoinuka, barabara ilikuwa tupu mbele na nyuma, hata vumbi hakuna.

Tulifika. Akinyi alipasuliwa, na mtoto wa kiume akatoka mzima. Nikaitangazia wodi yote kwamba ataitwa Stefan, jina la rafiki yangu wa chuo. Mtoto akaanza kulia. Alilia siku mbili, titi hataki, na madaktari hawakuona ugonjwa. Siku ya tatu sauti yake ilikuwa kama ya paka aliyelowa. Nilimbeba nikaona anaisha mikononi mwangu.

"Muulize mumeo," mama mkwe akasema, "yule mtu wa barabarani aliitwa nani?"

"Sikuuliza jina," nikajibu. "Niliuliza bei."

Mama mkwe akaondoa leso, akanitazama mimi mwenyewe.

"Ile sauti niliijua alipokuita mkwe. Ni kaka yangu Ogutu. Alianguka na pikapu yake akafa pale pale, kabla hujamwoa Akinyi, ikabaki porini mpaka nyasi zikaimeza. Mtoto akilia hivi, ni marehemu anayedai aitwe jina lake, lakini aliyekufa vibaya hatukimbilii kumpa mtoto jina lake. Ndiyo maana nilinyamaza."

Akamchukua mtoto. "Ogutu, ni wewe?"

Mtoto akanyamaza. Akatafuta titi, akanyonya mpaka akalala.

Ogutu wangu sasa ni mkubwa, ana afya, anakula sahani mbili. Betri ile ilidumu miaka mingi kuliko betri yoyote niliyowahi kununua. Na nyaya ninazo bado: vibanio vya upande wa pikapu, hata uvianike juani kutwa, ni baridi kama barafu. Unabisha? Njoo uviguse. Nyumba yangu ndiyo ya mabati mekundu, huwezi kuikosa.

Nawe unayepita barabara ile, usikilize. Mtu akikusaidia, usikimbilie pochi. Muulize jina. Mimi, na diploma yangu, sikuuliza, na nusura nimzike mwanangu.