Shimo Nyuma ya Ghala la Mbao

Karakana ya mjomba kule Keko tulikuwa watatu, ukimhesabu na paka. Macho ya mjomba yalipoingia ukungu akaifunga, nami nikaenda kuomba kazi kwenye kiwanda kikubwa cha samani, cha Mhindi mmoja, barabara ya Pugu. Enzi za Mwingereza hizo, kazi ilikuwa ya kubembeleza, na mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Msimamizi akanichukua kwa majaribio.

Mle ndani mlikuwa na watu kama sokoni, karibu wote wa bara, Wakristo. Mie Mzaramo wa Temeke, niliyezoea kumjua kila mtu mtaani mpaka kuku wake. Nikajiambia, hapa funga mdomo, fungua macho.

Basi maswali yakaanza. Mnyamwezi mmoja wa kwenye msumeno, pande la mtu, alinijia saa ya chai bila hata habari za asubuhi.

"Wewe unaswali?"

"Naswali. Kwani vipi?"

"Zote tano?"

"Ala! Umekuwa kadhi?"

Akacheka, akaondoka. Kesho yake akaja akanishika mkono, akaugeuza-geuza kama anayechagua muhogo, akamwambia mwenziwe, "Imara huu, hautetemeki." Mkono wangu unamhusu nini? Halafu mzee wa kupaka polishi, Muislamu mwenzangu, siku hiyo nimemwamkia shikamoo vizuri, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ukiona damu hupati kizunguzungu?" Mzee na mvi zake! Nikasema sipati. Akafurahi kweli kweli, na furaha ile ndiyo iliyonitia hofu.

Miaka ile mji mzima ulikuwa unaogopa mumiani. Watu wazima, wenye akili zao, walisema kuna wanaokamata watu na kuwatoa damu ikatengenezewe dawa, na kwamba hao humtafuta mgeni, maana mgeni akipotea hakuna wa kumuulizia. Mie nilikuwaga nawacheka wanaosema hivyo. Sasa kicheko kiliniisha.

Ijumaa nikaenda kujisaidia nyuma ya ghala la mbao, nikakuta shimo. Limechimbwa siku hiyo hiyo, udongo bado mbichi. Pembeni pana kamba, karai, na majani ya mgomba yamepangwa vizuri. Narudi ndani, yule Mnyamwezi ananisubiri mlangoni.

"Kesho kengele ikilia usiende kwenu," akasema. "Tuna shughuli na wewe kule nyuma."

Nyumbani mke wangu aliposikia alishika tumbo. "Usiende! Kaa hapa, Mungu atatoa."

"Nikikosa kesho nimefukuzwa. Na huyo tumboni atakula randa?"

Akalia. Nikamfokea kwa kulia kwake, kwa sababu nami nilitaka kulia. Asubuhi nikachukua kisu chake cha jikoni, nikakinoa mpaka kikanyoa malaika ya mkononi, nikakifutika kiunoni chini ya shati. Nilishaamua: nikifa, sifi peke yangu, na wa kwanza ni yule Mnyamwezi.

Kengele ikalia. Wakanizunguka, wengine mbele, wengine nyuma, wanachekacheka. Tulipokata kona ya ghala, mzee wa polishi alikuwa keshachutama kando ya shimo. Mnyamwezi akanishika bega. Nikachomoa kisu.

Wakapiga makofi, wote.

"Loo! Kaja na chake mwenyewe!" mmoja akapiga kelele. "Nani kamwambia?"

Nyuma ya rundo la mbao akavutwa beberu mweusi, analia kwa kamba shingoni.

Mzee akanieleza pale pale, mie nimeduwaa, kisu kiko hewani. Zamani walikuwa wakichanga wananunua mbuzi, yeye anachinja, Muislamu na Mkristo wanakula pamoja. Mikono yake ilipoanza kutetemeka, mambo yakafa, kila mtu na muhogo wake pembeni. Muislamu mwingine alikuwa mlinzi, naye akiona damu anazimia.

"Tulikuwa tunakuchunguza, mwanangu," akasema, "usije ukatulisha kibudu."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambia, ungejitia mcha Mungu."

Nikaelekea kibla, nikapiga bismillahi kwa sauti iliyopasuka, nikachinja. Damu ikaingia shimoni, nyama ikaingia motoni, nami nikapewa ini. Tulikula juu ya yale majani ya mgomba, wananisifu kwa kisu kikali, nami naitikia.

Mnyamwezi peke yake hakunisifu. Ndiye aliyekuwa karibu yangu nilipochomoa, na aliniona macho. Nikangoja awaambie wenzake, au msimamizi, niumbuke na kazi iniponyoke. Hakumwambia mtu.

Nikakaa kiwandani pale mpaka watoto wangu wakawa wanne. Mbuzi tulichinja wengi, na miguu yao Mnyamwezi hakukubali mtu mwingine aishike. Kila mara nikiinua kisu, aliniangalia usoni, akaninong'oneza nisikie mie tu:

"Taratibu, mtani. Mbuzi ni huyu."