Sekunde Tisa za Mtani wa Babu

Siku ya tano ya msiba wa babu yangu, Watanzania milioni mbili walicheka.

Mimi ndiye niliyewachekesha.

Sikukusudia. Nilikusudia kuhifadhi utamaduni. Neno hilo mlikumbuke, maana nitalirudia hadi mlichoke kama nilivyolichoka mwenyewe.

Naitwa Zuwena. Nasoma mwaka wa tatu chuo kikuu, na tasnifu yangu inahusu namna intaneti ilivyoufinyanga upya utamaduni wa watu wa kawaida katika miaka hii ishirini na ushee. Nilikuwa na sura tatu zilizokamilika na marejeo ya kutosha kujengea uzio. Kilichokosekana, kwa maneno ya msimamizi wangu, ni "mfano hai."

Wiki iliyofuata babu yangu, Mzee Uweso wa Nguvumali, Tanga, akafariki.

Nilimlilia kwa moyo wangu wote. Kisha nikachaji simu.

Kwa wasiojua, na mtandao umenithibitishia kwamba ni wengi, utani kwetu ni kazi. Mtani wa marehemu huja msibani kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa. Huvaa nguo zake, hutembea mwendo wake, humtangaza kwa uroho na ubishi wake. Wafiwa hawaruhusiwi kukasirika.

Na siku ya arobaini, mtani huyohuyo ndiye anayekunja mikeka ya msiba. Mfiwa haigusi. Mikeka isipokunjwa na mtani, msiba haujatoka ndani ya nyumba.

Mtani wa babu ni Bi Tausi, Mbondei wa Muheza, muuza machungwa, mama wa miaka sitini na kitu mwenye sauti inayosimamisha basi bila yeye kupunga mkono.

Siku ya tatu, baada ya hitima, aliingia kwa wanawake amevaa kanzu ya babu, kofia ya babu imemwangukia jicho moja, mkononi bakora ya babu. Akakaa kwenye kiti cha babu.

"Mwanamkasi!" akamwita bibi yangu kwa sauti ya marehemu. "Chai gani hii? Sukari ilipita mlangoni, ikatoa salamu, ikaenda zake?"

Shangazi zangu walijiziba midomo kwa kanga.

Kisha Bi Tausi akaitupa bakora, akasimama, akainua mikono juu, bado kwa sauti ya babu: "Kafa! Alhamdulillahi, kafa! Leo Nguvumali nzima italala, hakuna wa kukoroma!"

Hapo ndipo Bibi Mwanamkasi alipocheka. Siku tatu alikuwa hajala, hajasema, anaangalia ukuta. Alicheka hadi machozi yakabadilika maana, akamwangukia Bi Tausi begani, wakalia pamoja.

Nilirekodi yote. Dakika moja na sekunde arobaini.

Nikaituma kwenye grupu la ukoo. Nikaiweka pia kwenye ukurasa wangu, ikiambatana na maelezo ya aya kumi na mbili kuhusu dhima ya utani katika kuwaliwaza wafiwa, pamoja na tanbihi.

Nilikuwa na imani kubwa sana na wasomaji wa tanbihi.

Siku mbili baadaye video ilikuwa kila mahali. Si yangu. Ilikuwa kipande cha sekunde tisa: mwanamke ndani ya kanzu ya mwanamume, mikono juu, "Kafa! Alhamdulillahi, kafa!" Juu yake mtu mwenye kipaji kikubwa cha utafiti alikuwa ameandika: MJANE WA TANGA ASHEREHEKEA KIFO CHA MUMEWE.

Taifa likafanya kazi yake.

"Wanawake wa Tanga sio poa kabisa," aliandika mmoja.

"Huyo jini, sio mtu," akafafanua mwingine, mtaalamu.

"Oeni Tanga muone," akashauri wa tatu, ambaye kwa picha zake hajaoa popote.

Ikatoka stika. Ikatoka midundo ya singeli, "kafa-kafa-kafa," watoto wakaicheza wakiwa na sare za shule. Mshereheshaji mmoja wa Mwanza akaanza kuingia harusini kwa kanzu na kofia iliyoanguka jicho moja. Mshauri wa ndoa mwenye wafuasi laki nne akatoa somo la dakika arobaini: dalili saba za mke anayekuombea kifo. Dalili ya tano ilikuwa kupunguza sukari kwenye chai.

Nami nilikuwa nimepata mfano wangu hai.

Nilifanya anachofanya kila msomi mwenye dhamiri. Nilifuta video yangu, kwa hiyo ikabaki ile ya uongo peke yake. Nililalamika kwa wenye mtandao, wakanijibu ndani ya saa moja kwamba haijavunja utaratibu wowote. Nikarekodi maelezo sahihi, "Ukweli Kuhusu Utani," nikiwa nimevaa kanga ya heshima. Watu sitini na watatu walitazama. Wanne waliomba namba yangu.

Kisha nikaanza sura ya nne, iliyohusu wahariri wasio na maadili wanaokata maudhui ya watu kwa tamaa ya umaarufu. Niliiandika kwa hasira takatifu. Kurasa kumi na tisa.

Wakati huo Bi Tausi alikuwa njia panda ya Muheza na ndoo zake. Abiria walimtambua kupitia madirisha ya mabasi. "Mama Kafa! Hebu inua mikono!" Wengine walikataa machungwa yake, wasije wakafa. Mwanawe Mudathir, aliyeko Dodoma, alimpigia kumwuliza kama ameanza kuchanganyikiwa.

Zikiwa zimebaki siku tano kufika arobaini, akaleta ujumbe: hatakuja. Utani ameuacha.

Mama alitaka kukunja mikeka kimyakimya. Bibi alikuwa amekaa juu ya mmojawapo.

"Haikunjwi," akasema. "Akae Uweso hapohapo, kama mtani wake kamkataa."

Akarudi kuangalia ukuta. Sahani ya wali ikapoa mbele yake.

Kesho yake nilikwenda Muheza kwa Bi Tausi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na simu?"

"Ninayo."

"Itie kwenye ndoo. Chini kabisa."

Nikaizika chini ya machungwa. Nikaanza hotuba niliyoiandaa: nilikusudia kuhifadhi utamaduni, lakini mazingira ya kidijitali...

"Wee, mtoto," akanikata. "Ulipokuwa unahifadhi, uliniomba?"

Sikuwa nimemwomba. Nilikuwa na fomu ya ridhaa ndani ya mkoba, safi kabisa. Niliwaza kwamba msibani si mahali pa makaratasi.

"Hukuniomba. Sasa sikiliza. Mimi natania mtu ambaye nduguze wananijua, na kesho wanaweza kunitania mimi. Hao wa ndani ya simu wananicheka, mimi nitawachekea wapi? Nimjue nani?"

"Nisamehe, bibi."

"Sikusamehe bure. Hao siwawezi. Wewe nakuweza." Akamenya chungwa, akanipa nusu. "Mwambie Mwanamkasi nakuja. Na wewe ukae mbele. Ukinuna, nageuza."

Siku ya arobaini nyumba ilijaa. Bi Tausi aliomba miwani yangu. Akaomba kitambulisho changu cha chuo, akakivaa shingoni. Kisha akachukua kipande cha sabuni ya mche, akakishika mbele ya uso kama simu.

"Babu!" akasema kwa sauti yangu, ile ninayoitumia kwenye semina. "Babu, tafadhali usikate roho kwanza, mwanga hautoshi! Shangazi, lia tena, hukulia vizuri! Malaika, samahani, sogea kidogo, unanizibia. Nahifadhi utamaduni!"

Mama yangu mzazi alianguka chini kwa kicheko. Shangazi mmoja alilazimika kutoka nje.

Akanifuata mimi na ile sabuni, karibu na pua. "Na wewe marehemu, unajisikiaje? Jibu kwa aya kumi na mbili."

Sikununa. Naandika hili kama ushahidi. Nilitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Na Bibi Mwanamkasi alicheka. Kisha Bi Tausi akavua miwani, akapiga goti, akakunja mikeka mmoja baada ya mwingine. Bibi akaomba wali.

Hadithi ingeishia hapo, nami ningebaki na sura yangu ya nne.

Wageni walipoondoka, bibi akanipa simu yake. "Mke mwenzangu, imejaa, haipokei kitu. Nipunguzie."

Nikafungua picha zake. Nikaikuta. Sekunde tisa. Ilikuwa imehifadhiwa jioni ya siku ya tatu, siku mbili kabla taifa halijaiona.

"Bibi, hii nani aliikata?"

"Mimi. Si ulinifundisha mwenyewe, ile ya harusi ya binamu yako Sadalla? Nilitaka hapo nilipochekea tu. Dakika nzima ya nini?" Akaiangalia. "Kila baada ya alasiri naifungua. Ndiyo sauti yake ile, anamwiga vizuri. Nikaona niwatumie na wenzangu, kwenye grupu letu la wazee. Sadalla akaiona kwangu, akaomba apeleke kwa marafiki zake, nikamwambia haya."

Mhariri asiye na maadili. Kurasa kumi na tisa.

Nikamgeukia Bi Tausi, aliyekuwa anajifunga kanga aondoke. "Ulijua?"

"Tangu wiki ile ile. Alinitumia na mimi."

"Na ukaniacha nibebe peke yangu?"

"Kwani hukurekodi wewe?" Akashusha sauti. "Mjane hataniwi mpaka atoke eda. Sasa ningemtania nani, ukuta?"

Bibi akajifanya hasikii.

Sura ya nne nimeifuta. Msimamizi wangu anasema tasnifu imebaki bila mhalifu, na kweli, mhalifu niliyekuwa nikimtafuta alikuwa mjane wa miaka sabini na moja aliyetaka kumsikia mumewe tena baada ya alasiri.

Funzo, kwa kuwa najua mmeshuka hadi hapa kulitafuta na aya za katikati mmeziruka: kabla hujamcheka mtu usiyemjua, jiulize kama naye ana njia ya kukucheka wewe. Kama hana, huo si utani.

Video ya arobaini haipo. Simu yangu ilikuwa ndani ya kabati la mama.

Eda ya bibi inaisha baada ya miezi mitatu. Bi Tausi ameshaondoka na miwani ya bibi ya kusomea, ati anaijaribu. Mkitaka kuona atakavyomwiga, njooni Nguvumali. Mje na sukari.