Udongo wa Ruashi na Pomadi ya Siku ya Kwanza

Siku ya kwanza kazini nilijipaka pomadi mpaka nikang'aa. Mimi Numbi, binti wa fundi wa reli, naingia laboratoire ya kupima udongo uliochafuka hapa Lubumbashi! Ulitaka niende na ngozi kavu? Chef wa laboratoire, mkubwa wetu, hata hakunisalimia. Alitazama mikono yangu tu.

"Mademoiselle, enda kwanza unawe! Ile pomadi inatokaka mu petroli, sawa na mazutu, ile dizeli yenye tunatafuta. Utatuharibia kazi yote!"

Nilikuwa nimekwisha kushika chupa moja ya sampuli. Aliipitisha kwenye mashine inayotenganisha mafuta yaliyomo kwenye udongo na kuchora mstari: penye mafuta, mstari unapanda kama kilima. Kilima changu kilikuwa kipana, kimekaa mwishoni mwishoni. "Kiangalie muzuri," akasema. "Njo weye huyo." Wenzangu walicheka, nami nikatamani ardhi inimeze. Tangu hapo sikujipaka kitu siku ya kazi, na wakati wa kiangazi mikono yangu ilipauka kama ya mfyatua matofali.

Kazi iliyonipa jina ilikuja miaka mingi baadaye, mtaani Ruashi. Tanki la mazutu la jirani lilivuja hadi kwenye bustani ya Mama Kapya, mjane aliyeishi kwa kuuza lengalenga, mchicha wetu. Mboga zikanuka, wateja wakamkimbia.

"Nikiacha huu udongo, nitakula nini?" aliniuliza huku machozi yakimtoka.

Tulichimba udongo ule, tukaurundika juu ya turubai, tukauchanganya na mbolea ya kuku na pumba za mahindi. Wanaosafisha hasa si sisi, ni bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula mazutu mradi vipate maji na hewa. Basi tukawa tunamwagilia na kupindua, tunapindua na kumwagilia, na Mama Kapya anashinda nasi juani.

Tulipopima sampuli ya mwisho, mashine ikachora kilima. Chef, aliyekuwa mzee sasa, alivua miwani.

"Iko bado na mazutu. Tutamuambia aache kulima."

Nikautazama tena mstari. Mazutu hutokea mapema kwenye mstari, lakini hiki kilima kilikuwa kipana, kimekaa mwishoni. Aba! Huyu si namjua?

"Chef, huyu ni mimi! Njo pomadi!"

Kumbe asubuhi ile Mama Kapya alijipaka pomadi apendeze kwa ajili yetu wageni, na nilipogeuka kuchukua kifuniko, kwa wema wake akafuta mdomo wa chupa kwa vidole. Tulirudi mbio kuchukua sampuli nyingine. "Leo usitusaidie, mama, tafadhali!" Safari hii mstari ulilala chini mwanzo hadi mwisho. Mama Kapya akapiga vigelegele, na Chef akapiga meza: "Nilifanya muzuri kukufukuza ukanawe!" Mtu mgumu yule.

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana mna mashine nzuri kuliko zetu, na sina wivu. Ninajivunia, nasema bila haya: pale watu walipokataa hata kukanyaga, lengalenga sasa inafika magotini. Kwenye sherehe ya kuniaga Mama Kapya alikuja na furushi la mboga na kopo la pomadi. Akashika hii mikono yangu iliyopauka, akaanza kunipaka mwenyewe, taratibu, mbele ya wakubwa wote.

"Kazi imekwisha, dada," akasema. "Sasa ng'aa."